Mpeleka Barua wa Kivela na Mbwa Aliyesimama Kwenye Kila Sanduku

Ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumapili, na Pulla ndiye anayetoka nje kwanza. Anashuka ngazi za nyuma, anajinyoosha mpaka kifua kinagusa nyasi, kisha anageuka na kuukodolea macho mlango kama mtu aliyechoshwa na kusubirishwa.

"Nakuja, nakuja! Hata viatu sijafunga!" sauti inajibu kutoka ndani.

Mwenye sauti ni Dale Kangas, miaka hamsini na sita, mpeleka barua wa kijiji cha Kivela, pwani ya kusini ya Ziwa Superior, kaskazini mwa Marekani. Anatokea na kaptula, fulana ya rangi ya chungwa na mkanda mpana kiunoni. Anapiga goti, jambo ambalo kwa umri wake halifanyiki kimyakimya, anamvisha mbwa wake mkanda wa kifuani, kisha anaiunganisha mikanda hiyo miwili kwa kamba inayovutika, mita mbili na nusu.

Halafu anainua nyayo za mbwa, moja baada ya nyingine, na kupitisha kidole gumba katikati ya vidole. Anatafuta kijiwe, mwiba, mpasuko. Hakuna. Anapumua.

"Leo ni kufa kupona," anasema.

"Hakuna anayekufa hapo," mkewe, Donna, anamjibu kutoka dirishani. "Umebeba maji?"

"Nimebeba."

"Ya mbwa, siyo yako."

"Ya mbwa nimebeba, mke wangu. Yangu ndiyo nimesahau."

Leo ni Mbio za Mawe Mekundu, kilomita ishirini na moja, mtu na mbwa wake wakiwa kwenye kamba moja, na muda uliowekwa ni saa tatu. Mbwa akimaliza ndani ya muda huo, jina lake huchomwa kwa chuma cha moto kwenye ubao uliotundikwa katika ukumbi wa kijiji, na hapo litakaa hata sisi sote tukiwa hatupo. Akizidisha, mwenyewe hupewa bakuli la supu na pole nyingi. Mwaka jana Dale alipewa supu.

Mwakani hakuna tena. Sheria za mbio zinasema mbwa aliyetimiza miaka tisa haruhusiwi, na Pulla anatimiza tisa mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo ni leo au basi.

Dale amepeleka barua miaka kumi na tisa. Kila siku anafungua masanduku mia mbili na kumi na manne, yote yamesimama juu ya nguzo kando ya barabara, na yote anayafungua akiwa ameketi. Gari la posta huku lina usukani upande wa kulia, tofauti na magari yetu mengine, ili mpeleka barua anyooshe mkono wa kulia dirishani, afungue, atie, afunge, aende. Mwandishi wa makala haya ni mteja wake, na ni vizuri aseme mapema kwamba hawezi kuandika habari hii bila upendeleo.

Miaka minne iliyopita Dale alikuwa na kilo mia moja thelathini na moja na sukari imempanda. Daktari alimwambia atembee nusu saa kila siku. Ushauri mzuri, ila daktari yule si mtu wa hapa. Kivela mtu akionekana anatembea barabarani bila sababu, magari husimama, na kila dereva humuuliza kama gari lake limeharibika.

"Siku ya kwanza nilisimamishwa na watu sita," anakumbuka Dale. "Wa saba akanipakia kwa nguvu, akanirudisha nyumbani. Nikaona hapa ninahitaji sababu."

Sababu aliipata kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe. Alikuwa jike mwenye miaka minne, aliyechukuliwa na kurudishwa mara mbili, mwenye rangi ileile ya pulla, mkate mtamu wa iliki ambao bibi zetu walikuja nao kutoka Ufini. Jina likapatikana hapohapo. Tatizo ni kwamba naye alikuwa na kilo arobaini na moja, wakati daktari wa mifugo alitaka thelathini.

"Walikuwa wanene wawili wanaosaidiana kuhema," anasema Marlys Heikkinen.

Marlys ni dada mkubwa wa Donna. Ana miaka sitini na mitatu, amefundisha mbwa wa kuvuta sleji kwenye theluji kwa miaka thelathini, na mdomo wake haujawahi kupumzika hata siku moja. Ndiye aliyejiteua kuwa mwalimu wa hao wawili. Hakuombwa.

Alianza nao polepole mno, dakika mbili kutembea, dakika moja kukimbia. Kila wiki aliongeza kidogo tu, na kila wiki ya nne alipunguza ili misuli ipone. Chakula cha mbwa kilikuwa jioni, kamwe si kabla ya kukimbia, maana tumbo la mbwa likijaa linaweza kujipinda likamuua. Siku za jua Dale aliambiwa aweke kiganja juu ya lami, na akishindwa kuhesabu mpaka saba, warudi nyumbani.

"Mbwa hatakwambia amechoka, shemeji," Marlys alimwambia siku ya kwanza. "Atakufuata mpaka aanguke. Kwa hiyo kati yenu anayetakiwa kuwa na akili ni wewe, na hapo ndipo ninapoogopa."

Miaka mitatu baadaye Dale alikuwa na kilo tisini na nane na Pulla ishirini na tisa. Sukari ilishuka. Watu walizoea, hata magari yakaacha kusimama. Ndipo Dale akajiandikisha kwenye mbio, kifua mbele.

Kilichotokea mwaka jana kila mtu hapa anakijua, lakini acha kisemwe tena. Kuanzia kilomita ya nne mpaka ya kumi na mbili, mbio hizi hupita Barabara ya Lindgren, ambayo Dale huipita kila siku kikazi. Ina masanduku thelathini na saba. Na kwenye kila sanduku, Pulla alisimama. Hakunusa, hakukojoa. Alisimama, akakaa kitako, akasubiri kama vile anajua kuna jambo rasmi linaendelea. Dale akambembeleza, akamvuta, akamwimbia. Wakamaliza kwa saa tatu na dakika kumi na moja.

"Supu ilikuwa ya samaki, nzuri kabisa," anasema Dale. "Haikupita kooni."

Majira yote ya baridi lawama zilikuwa za Pulla. Dale alijaribu biskuti, akajaribu kufoka, akajaribu filimbi. Daktari wa mifugo alimpima nyonga, akakuta hazina kasoro. Cha ajabu, kwenye njia ya zamani ya reli, msituni, mbwa huyohuyo alikimbia kilomita kumi na tano bila kugeuka nyuma. Akirudishwa Barabara ya Lindgren, sanduku la kwanza tu, kitako chini. Jirani mmoja alisema huenda Pulla ndiye mwajiriwa halisi wa posta, na Dale ni dereva wake.

Mwezi wa Juni Marlys alichoka na ubishi. Alipanda baiskeli, akawafuata kwa nyuma na simu yake ikirekodi. Jioni hiyo, kahawa ikiwa mezani, aliiweka simu mbele ya shemeji yake.

"Haya, tazama."

"Naona mbwa anasimama. Hilo si jipya."

"Rudisha nyuma. Usimtazame mbwa, jitazame wewe."

Dale alitazama. Hatua kumi kabla ya sanduku, mwanamume mwenye fulana ya chungwa anapunguza mwendo. Bega lake la kulia linageuka. Mkono wa kulia unapanda mpaka usawa wa kifua, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu. Kamba inalegea. Pulla, aliyekuwa akivuta vizuri tu, anaihisi kamba imelegea, anasimama, anakaa.

"Huo ni upepo," alisema Dale.

"Upepo gani unaoinua mkono mmoja?"

"Nilikuwa nafuta jasho."

"Mara thelathini na saba, shemeji? Jamani, wewe unawagawia watu barua usizokuwa nazo!"

Donna alicheka mpaka akashika ukuta. Dale hakucheka. Aliitazama video mara ya pili, ya tatu, kisha akainuka, akatoka nje, akaketi kwenye ngazi za nyuma kando ya mbwa wake. Donna, kutoka dirishani, alimwona amemshika Pulla masikio yote mawili, anaongea naye.

"Nilimwomba msamaha," anasema Dale. "Miezi kumi nilimlaumu mtoto wa watu. Nikamwambia, mama, kumbe wewe ulikuwa unatii kila nilichokwambia, ila mimi sikujua nasema nini." Hapo anajifanya anakohoa.

Basi mafunzo yakaanza upya, safari hii mwanafunzi akiwa mtu. Marlys alimfunga mkono wa kulia kwenye mkanda wa kiunoni kwa kitambaa cha jikoni. Siku ya pili simu ya Donna haikutulia, watu wanataka kujua mume wake ameiba nini. Mkono ulitulia, lakini miguu wapi! Kila penye sanduku ilipunguza mwendo yenyewe.

Ndipo Marlys akakumbuka neno la kazi yake ya zamani. Mbwa wa sleji wakikaribia kitu cha kuwavuruga, paa au mbwa mwingine, mwendeshaji huwaambia wapite.

"Hatua kumi kabla ya sanduku, sema 'Pita!' Kwa sauti," alimwagiza. "Wala si kwa ajili ya mbwa, yeye hana shida. Ni kwa ajili yako. Ukipiga kelele ya pita huku unasimama, hata wewe mwenyewe utajiona mpumbavu."

Ilifanya kazi. Wiki ya kwanza walipita masanduku kumi na mawili. Ya tatu, ishirini na tisa. Mwisho wa Julai walipita yote thelathini na saba, na Marlys akapiga honi ya baiskeli mpaka ng'ombe wa watu wakakimbia.

Ila dawa ina makali yake. Jumanne moja Dale akiwa kazini, ndani ya gari la posta, alilikaribia sanduku la mama mmoja mtaani kwetu, akasema "Pita!" na akapita kweli. Akapita na la pili. Kwenye la tatu ndipo akashtuka, akarudi kinyumenyume barabara nzima. Mama yule alikuwa tayari ametoka, mikono kiunoni.

"Dale! Nimekukosea nini?"

"Samahani, mama. Nilikuwa kwenye mazoezi."

Sasa turudi Jumapili. Saa moja kamili asubuhi, mwamuzi mkuu, Bi Ingrid Salo, anapuliza baragumu, na jozi sitini na nne zinaondoka. Mwandishi yuko kwenye baiskeli nyuma yao pamoja na Marlys, ambaye ameshakatazwa na waamuzi mara mbili kutoa maelekezo.

Barabara ya Lindgren inawasubiri. Watu wametoa viti, wameketi kando ya masanduku yao na vikombe vya kahawa, na hakuna hata mmoja mwenye huruma.

"Dale, gazeti langu liko wapi?"

"Posta! Nina kifurushi hapa, kimelipiwa kabisa!"

Mzee Walter Rautio, fundi bomba mstaafu, amesimama katikati ya majani na bahasha mkononi, anaipunga. "Pokea hii moja tu! Ina stempu!"

"Pita!" Dale anapaza sauti. "Pita! Pita! Na wewe Walter uniache!"

Pulla anavuta, kamba imenyooka, masikio yanaruka. Kwenye sanduku la thelathini na moja, mkono wa kulia unaanza kupanda. Marlys anasahau makatazo yote.

"Mkono!"

Mkono unashuka. Mwamuzi mmoja anamtazama Marlys vibaya, naye anatazama mawingu. La thelathini na saba linapita, na barabara nzima inashangilia hata wale waliokuwa wanamchokoza. Kwenye kilomita ya kumi na sita wana akiba ya dakika sita. Mwandishi, anakiri, alishaanza kutunga kichwa cha habari.

Lakini jua limewahi leo. Saa tatu asubuhi ni nyuzi ishirini na saba, na kwetu hilo ni joto la kuvua shati. Kwenye kilomita ya kumi na nane kamba inalegea, na safari hii mkono wa Dale uko chini palepale unapotakiwa. Ni Pulla. Ulimi umetoka wote, umepanuka mpaka ncha inajikunja, na hatua zake za nyuma zimefupika.

Dale anatazama saa. Anamtazama mbwa. Chini ya daraja kuna kijito.

Anashuka naye. Anamwingiza Pulla majini mpaka tumboni, anavua kofia na kuanza kumwagia maji kifuani, kwenye mapaja, chini ya tumbo. Jozi moja inapita juu ya daraja. Nyingine. Ya tatu.

"Zimebaki kilomita tatu, Dale!" mtu anaita. "Muda huo!"

"Nauona!"

Dakika moja. Mbili. Tatu. Marlys ameshuka kwenye baiskeli. Kiangazi kizima mama huyu amekuwa akipiga kelele mtu asisimame, na sasa ameushika mkono wa mwandishi, anaubana mpaka unauma, huku akinong'ona, "Kaa hapohapo, shemeji. Usiinuke. Kaa."

Dale alikaa dakika tano na nusu, mpaka ulimi uliporudi kuwa mwembamba na pumzi ikashuka. Alituambia baadaye kwamba ubao wa ukumbini ulimjia akilini, na jina likiwa limeandikwa kabisa, akaliona linafutika. "Nikasema na lifutike. Jina ni la mbwa aliye hai."

Aliyeamua kuondoka ni Pulla mwenyewe. Alijikung'uta, akamlowesha Dale kuanzia nywele hadi soksi, akapanda ukingo na kuinyoosha kamba.

Kilomita tatu za mwisho hazisimuliki vizuri, kwa sababu mwandishi alikuwa anapiga kelele badala ya kuandika. Mbwa alikuwa amepata uhai mpya, mtu alikuwa amekwisha. Dale alikimbia kama anayepanda ngazi zisizoisha. Walipotokea kwenye nyasi za ufukweni, saa kubwa ilisema saa mbili, dakika hamsini na tisa na sekunde kumi na tano. Donna, aliyeapa kwamba safari hii atakaa kistaarabu, alikuwa amepanda juu ya meza ya supu.

"Kimbia, mwanamume wewe! Kimbia!"

Pulla aliivuta kamba mpaka ikafika mwisho wake. Alivuka mstari. Nyuma yake, mita mbili na nusu na ushee, Dale alivuka akiyumba, akaanguka magoti yote mawili.

Bi Ingrid Salo alikuwa amelala kifudifudi kwenye mstari, saa mkononi, kidevu kwenye nyasi. Aliinuka taratibu, akajifuta.

"Mtu," alisoma, "saa tatu na sekunde mbili."

Watu waliguna. Dale alifunga macho. Marlys aliivua kofia yake, akaitupa chini.

"Sijamaliza," alisema Bi Ingrid. "Mbwa: saa mbili, dakika hamsini na tisa, sekunde hamsini na tisa."

"Kwa hiyo?" aliuliza Dale kutoka palepale chini.

"Kwa hiyo muda wa mbio hizi unasomwa kwenye pua ya mbwa, bwana. Unadhani kila mwaka nalala kwenye matope kwa kupenda? Hukusoma fomu?"

"Fomu alijaza Donna."

"Basi nakwambia mimi. Mbwa wako amemaliza. Wewe umechelewa."

Kelele iliyofuata ilisikika, naamini, ng'ambo ya ziwa. Marlys alikaa kwenye nyasi akalia kwa sauti, bila kujificha, na alipoulizwa alisema ni mzio wa maua. Walter alikuja mbio na ile bahasha yake, akaichana, akatoa dola ishirini, akamnunulia Pulla soseji nne, ambazo Dale alizizuia mpaka saa mbili zipite. Alhamisi chuma kitatiwa moto na jina litachomwa: PULLA, na mwaka wake. La Dale haliandikwi popote. Si desturi.

Mchana tuliwakuta ziwani, mbwa amelala kwenye maji ya kina kifupi, mtu ameketi kando yake na viatu vimevuliwa. Mwandishi alimuuliza kama sasa ataning'iniza mkanda wake ukutani, maana Pulla hataruhusiwa tena.

"Yeye anastaafu," alisema Dale. "Atakuwa ananisindikiza kilomita tano, asubuhi, kukiwa na baridi. Basi. Ameshafanya kazi yake."

Na yeye? Alitoa karatasi iliyokunjwa kutoka kwenye kaptula yenye unyevunyevu. Ilikuwa fomu ya mwakani ya wale wanaokimbia bila mbwa, njia ileile, saa tatu zilezile. Aliijaza mwenyewe safari hii, na anasema ameisoma kila mstari mara mbili.

"Pulla amemaliza Mawe Mekundu. Mimi bado," alisema. "Nadaiwa sekunde mbili. Kesho tunapumzika wote. Jumanne asubuhi naanza kuzitafuta."